Kuvua Horini Wakati wa Kaskazi: Kabla ya Ndoana, Uliza Mwezi Ngapi

Kaskazi imeshika. Kuanzia Disemba mpaka Machi pwani yetu huwa na joto ambalo hata feni halilipunguzi, na kila mwenye mtumbwi, au rafiki mwenye mtumbwi, huanza kuikumbuka hori. Hapana ubaya. Bahari ya nje imetulia kuliko wakati wa kusi, samaki wapo, na watoto hawana shule mwisho wa mwaka.

Jambo lililonifanya niandike ni vyombo vipya. Katika hori za Mtwapa, Kilifi na Mida, kando ya mitumbwi ya mti tuliyoizoea, sasa twaona kayaki: mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja au wawili, ya kukalia juu, yenye kafi la pande mbili. Ni vyepesi, havihitaji fundi wa kuziba, na kijana asiyewahi kushika upondo aweza kukiendesha siku ya kwanza. Hapo ndipo penye tatizo. Zamani mtu alifunzwa maji kabla ya kupewa chombo. Leo chombo chapatikana kabla ya mafunzo.

Vijana wanaoniuliza kuhusu uvuvi huu huanza na ndoana namba ngapi na chambo gani. Ni maswali mazuri, lakini si ya kwanza. Swali la kwanza ni moja tu: leo mwezi ngapi? Katika msimu wa joto, jibu lake ndilo linaloamua kama utarudi na kitoweo au utakwama juu ya tope saa sita mchana, jua likiwa utosini. Makala haya ni ya kuwekwa, ili kila anayetaka kwenda ayasome kabla ya kuondoka.

Hori ni nini

Hori ni mkono wa bahari ulioingia bara. Vijana siku hizi huiita kriki. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa nazo: upande mmoja Tudor, inayopokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu, na upande wa pili Kilindini inayoendelea hadi Port Reitz, ambako Mto Mwache humwaga maji yake. Jina la Kilindini lajieleza, kwani kilindi ni maji marefu, na ndiyo sababu meli kubwa huingia. Ukienda kaskazini wapata Mtwapa, kisha Takaungu, kisha Kilifi yenye bwawa kubwa la ndani liitwalo Bahari ya Wali, halafu Mida karibu na Watamu.

Hori hizi hazifanani. Kilifi ina mlango wenye kina na kuta za mawe pande mbili. Mida ina mlango mwembamba, na ndani yake kuna uwanda mpana wa tope na mchanga. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya Mida huwa ya kutembea kwa miguu, na ndege wa pwani hushuka kula. Ndani kabisa ya Port Reitz na Tudor pia kuna matope mapana mbele ya mikoko. Asiyejua hili huiona hori iliyojaa akadhani ni ziwa. Baada ya saa nne au tano ziwa lile halipo.

Mwezi na maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kinachoamua ni mwezi, ukisaidiwa na jua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mombasa, tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, yaani kama tarehe 8 na 22, mivuto hupingana, na tunapata maji mafu, ambayo tofauti yake yaweza kuwa takriban mita 1 tu.

Sisi Waislamu wa pwani tuna bahati katika jambo hili. Kalenda ya Hijria tunayofungia na kufuturia ndiyo kalenda ya maji. Mwenye kujua leo ni mwezi ngapi anajua pia maji ya leo, bila simu wala intaneti. Tukitofautiana siku moja katika kuandama kwa mwezi, bahari haingoji tangazo la yeyote. Hufuata mwezi wenyewe. Kwa hivyo nyakati ninazotaja hapa ni za kukadiria. Mwenye jedwali la maji la Kilindini alitazame, na akumbuke kwamba ndani kabisa ya hori maji huchelewa kuliko mlangoni.

Hesabu yenyewe, kwa saa zetu za Kiswahili, ni hii.

Mwezi 1 hadi 3, na 15 hadi 17, ni bamvua. Maji hujaa alfajiri baina ya saa 10 na saa 12, hupwa kabisa baina ya saa 4 na nusu na saa 6 mchana, na hujaa tena jioni baina ya saa 10 na nusu na saa 12 na kidogo.

Mwezi 4 hadi 6, na 18 hadi 20, bamvua inavunjika. Maji hujaa asubuhi baina ya saa 12 na nusu na saa 2 na nusu.

Mwezi 7 hadi 10, na 21 hadi 24, ni maji mafu. Yanakuwa yamepwa usiku wa manane au alfajiri, na hujaa polepole asubuhi hadi saa 3, saa 4, saa 5, au karibu na saa 6 mwisho wa siku hizo.

Mwezi 11 hadi 14, na 25 hadi mwezi unapofia, maji hupwa asubuhi baina ya saa 12 na nusu na saa 4, na hujaa baina ya saa 7 na saa 10 mchana.

Kuna kanuni nyingine ya mabaharia ya kushika. Maji hayaondoki kwa mwendo mmoja. Ukigawa kupwa kote mafungu 12, saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Kwa hiyo nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Ndiyo maana mtu huona maji yametulia, akatupa mshipi mara mbili tatu, akainua kichwa na kukuta chombo kinakwaruza tope.

Jua linamfanya nini samaki

Mombasa iko digrii 4 kusini mwa mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya vichwa vyetu kabisa mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo ukisimama saa sita na nusu mchana, kivuli chako kiko chini ya nyayo zako. Februari na Machi ndiyo miezi yetu ya joto kali, na mchana hufika digrii 32 au 33 kivulini. Juu ya maji hakuna kivuli, na maji yenyewe yanarudisha mwanga usoni.

Samaki naye analiona jua. Maji ya joto hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Maji machache yaliyobaki juu ya uwanda wa tope hupata moto upesi, na samaki hawakai hapo. Hushuka katika mfereji mkuu wa hori, au hujificha chini ya mikoko na kando ya nguzo za madaraja. Maji yanapoanza kujaa, yanaingia kutoka baharini yakiwa na ubaridi na hewa. Samaki huyafuata, hasa ukingo wake wa mbele, wakiingia nayo katikati ya mizizi kutafuta kamba, kaa wadogo na minyoo. Maji yakigeuka, hutoka kupitia vijito vidogo vya tope, na samaki wakubwa huwangojea mdomoni mwa vijito hivyo.

Kwa hiyo katika joto kuna nyakati mbili za kushika: maji yanayojaa jua likiwa chini, na saa moja ya kwanza baada ya maji kugeuka. Saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri muachie samaki apumzike, nawe upumzike.

Safari ya asubuhi na safari ya alasiri

Sasa unganisha mwezi na jua, na ratiba inajitokeza yenyewe.

Maji mafu ni ya asubuhi. Mwezi 8 au 9 sali alfajiri, shuka pwani kukipambazuka, na utakuta maji yameshaanza kujaa. Mkondo si mkali, tope halitakushika kwa sababu maji yanaongezeka, na kabla ya saa 4 umeshavua na uko nyumbani. Kwa mtu mgeni wa kafi, au mwenye mtoto chomboni, siku hizi ndizo za kuanzia. Wavuvi wengi hawayapendi maji mafu kwa sababu samaki hawachangamki kama siku za mkondo. Ni kweli, lakini kwa anayejifunza, mkondo mpole wa asubuhi una faida kuliko samaki wawili zaidi.

Mwezi 4 hadi 6, na 18 hadi 20, ni asubuhi nzuri kwa anayeondokea karibu na mlango. Maji yanakupandisha juu, yanageuka saa 1 au saa 2, unavua yanapogeuka, kisha yanakurudisha mwenyewe. Sharti ni moja: anza kurudi katika saa mbili za kwanza za kupwa, usingoje ya tatu.

Bamvua ni ya alasiri. Mwezi 1 au 16 usiguse mtumbwi asubuhi, hata kama alfajiri maji yamejaa tele na yanakuita. Maji hayo yanaondoka, na yatakwisha saa 5, jua linapoanza kuchoma. Ngoja mpaka saa 9. Maji yamesharudi zaidi ya nusu, jua limeinama, na una saa mbili au tatu za kuvua kabla ya maghrib. Rudi maji yakiwa yamesimama. Kumbuka kwamba upepo wa kaskazi huongezeka mchana na huvuma kutoka baharini. Utakusukuma ndani ya hori kwa urahisi, kisha utakupiga usoni ukirudi. Weka akiba ya nguvu, na upite kando ya mikoko inayokinga upepo. Maji yakianza kupwa kwa nguvu na upepo ukiingia kinyume chake, mawimbi mafupi hupanda mlangoni, na kayaki nyepesi haiyapendi.

Mwezi 11 hadi 14, na 25 hadi mwisho, si za hori kwa mgeni. Mwezi 11 waweza kuvua ndani ya mfereji mkuu alfajiri hadi saa 3. Zilizobaki ni siku za kushona nyavu, kunoa ndoana na kumsaidia mama nyumbani.

Ubaya wa kwenda kinyume na ratiba hii nimeushuhudia kwa macho ndani ya Port Reitz. Vijana wawili waliondoka saa 12 asubuhi siku ya bamvua, wakafuata kijito kilichojaa samaki, na saa 4 na nusu kayaki yao ilikuwa juu ya tope, mita kama 200 kutoka kwenye maji. Tope la mikoko halitembeleki; mmoja alijaribu akazama mpaka mapajani, na ganda la chaza likamchana mguu. Walikuwa na chupa moja ndogo ya maji. Maji ya bahari yaliwafikia karibu saa 8. Walirudi hai, alhamdulillahi, lakini mmoja alikuwa hajui hata jina la mtaa wake mpaka alipomwagiwa maji kwa muda mrefu. Hakukuwa na dhoruba wala papa. Ilikuwa ni mwezi 16 na Februari.

Ukikwama hivyo, usishuke kutembea. Baki chomboni, jifunike kwa nguo iliyoloweshwa, kunywa kidogo kidogo, piga simu, na ngoja maji yarudi. Yatarudi.

Chombo na vifaa

Mtumbwi wa mti ni mzito na hauchukuliwi ovyo na upepo, lakini ukijaa maji una kazi ya kuufua. Kayaki ya kukalia juu haijai maji kirahisi na ikipinduka yaweza kupanduliwa tena, lakini upepo huichezea. Kabla ya kutoka, hakikisha vizibo vimekazwa. Kayaki yenye ufa hunywa maji ndani bila wewe kuona, mpaka ianze kulala upande. Usiianike juani kutwa, kwani plastiki hulainika na kupinda. Iweke kivulini, kifudifudi.

Kabla hujavua hata siku moja, nenda maji yanayofika kifuani, jipindue kwa makusudi, na ujifunze kupanda tena ukiwa umevaa nguo zako zote. Asiyeweza kupanda tena peke yake asiende peke yake.

Chukua jaketi la kuokoa maisha na ulivae. Lililofungwa nyuma ya chombo halijamwokoa mtu. Chukua filimbi, kisu kifupi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na taa kama safari ni ya jioni. Funga kafi kwa kamba, kwa sababu kafi likianguka siku ya bamvua hutalifikia tena.

Nanga ifungwe mbele au nyuma, kamwe isifungwe ubavuni. Mkondo ukikaza, nanga ya ubavuni huvuta upande mmoja chini na chombo kinapinduka. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe karibu endapo litakataa.

Kwa mshipi, usijibebeshe duka. Mshipi wa mkono, chubwi ndogo na ndoana ndogo zatosha kwa chaa na changu. Chambo bora ni kile samaki anachokula pale pale: kamba wabichi, au vipande vya ngisi. Tafi hula majani ya baharini, na wengi humvua kwa dema kuliko ndoana. Mkizi ni vigumu kumnasa kwa chambo, lakini ukimwona akiruka kwa makundi, jua kuna kolekole au mzia anayemfukuza. Chewa hukaa kwenye mashimo ya mawe na mizizi. Akishika, mvute upesi kabla hajarudi shimoni, maana akirudi umepoteza samaki na ndoana.

Usivue katika njia ya meli Kilindini, wala njia ya feri ya Likoni. Nahodha wa meli hakuoni, na hata akikuona hawezi kusimama. Na samaki wa kula usimvue karibu na midomo ya mitaro ya maji taka, ambayo hori za Mombasa zinayo, hususan Tudor.

Mwili wako

Kunywa maji kabla ya kiu. Kwa safari ya saa tatu katika joto, lita 2 kwa mtu mmoja ni kiasi cha chini. Maji matupu pekee hayatoshi kwa anayetoka jasho sana. Dafu ni zuri, na ukitaka kutengeneza nyumbani, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vaa shati la mikono mirefu, kofia pana, na ufunike shingo. Wazee wetu waliojifunga vilemba baharini hawakuwa wakijipamba.

Dalili za mwanzo za kuzidiwa na jua ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo kuwa mweusi. Ukiziona, rudi. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba, mwili ukawa moto kama kikaango, huo si uchovu. Ni hatari ya kufa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima bila kuacha, mpepee, na msafirishe hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ndani ya joto lenyewe. Mwenye saumu na anayevua kwa starehe, nashauri aache mpaka usiku au mpaka Idi. Anayevua kwa riziki ana safari ya asubuhi ya maji mafu, kwa sababu amekula daku na atarudi jua halijapanda. Ile ya alasiri inamkuta hana maji mwilini tangu alfajiri. Na anayeona nafsi yake inakwenda kuangamia, dini imempa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Masuala ya undani awaulize masheikh, lakini ruhusa hiyo si ya kuonea haya.

Samaki mkononi

Samaki wa kaskazi huharibika haraka. Kipimo cha kawaida katika nchi za joto ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Ukikosa barafu, mtoe matumbo mapema, umfunike kwa gunia lililoloweshwa na umweke kivulini, na safari iwe fupi. Kumwacha samaki sakafuni mwa kayaki juani kisha kumpeleka nyumbani ni kuwapa watoto maradhi.

Jihadhari na miiba. Taa hujilaza kwenye tope la maji mafupi, na mwiba wake upo mkiani. Ukishuka, buruta miguu usiinyanyue, ili umshtue aondoke. Tafi naye ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Mshike kwa kitambaa. Ukichomwa, osha kidonda, kisha kitie katika maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi. Moto huo hupunguza maumivu. Mwiba uliovunjikia ndani, au uliochoma kifuani au tumboni, ni kazi ya daktari.

Sheria na mikoko

Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Katika mbuga ya bahari, iliyotengwa mwaka 1968, hakuna kuvua kabisa. Katika hifadhi, uvuvi wa zana za jadi unaruhusiwa. Jua mpaka kabla ya kutupa mshipi. Kwingineko, anza kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, ya bandari unayoondokea. Watakuambia kuhusu leseni, na watajua umetoka, jambo lenye faida usiporudi kwa wakati. Juya na bunduki ya samaki ni marufuku.

Mikoko ya Kenya ni aina 9, miongoni mwake mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa na mkomafi. Mizizi yake ndiyo kitalu cha vifaranga vya samaki wengi tunaowavua nje, na ndiyo kivuli pekee cha hori wakati huu wa joto. Watu wa Gazi, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, wameonyesha kuwa mikoko iliyosimama huleta pesa za maji na shule. Kwa hiyo usifunge nanga kwenye mche, usikate tawi kupata nafasi ya kutupa mshipi, na chaa au changu asiyefika kiganja mrudishe akiwa hai. Huyo ni kitoweo cha mwakani.

Mpangilio wa kutoka

Jioni kabla ya safari, toka nje utazame mwezi, au uliza siku yake. Hesabu saa ya kujaa na saa ya kupwa. Mwambie mtu wa nyumbani unaondokea wapi, unaelekea wapi, na saa ya kurudi. Akipita saa moja zaidi apige simu. Andaa maji, barafu na jaketi. Asubuhi ukifika pwani, choma kijiti ukingoni mwa maji, utayarishe chombo, kisha ukitazame. Kama maji yamekipita kijiti, yanajaa, nenda. Kama kijiti kimebaki juu ya mchanga mkavu na ni siku ya bamvua, funga mtumbwi urudi ukalale. Alasiri hori itakuwa pale pale, na maji yake yatakuwa yanaingia.